Fundo la Mashoto

Alikileta ndani ya mfuko wa maziwa
uliofungwa kwa mpira wa kuzungushia noti:
kidani cha mama yake, kimekatika pahali pawili.
"Nitungie upya, kwa nailoni ngumu.
Nina harusi Ijumaa ya pili."
Nikaandika kwenye daftari: Nyevu. Arubuni, mia mbili.

Kazi yangu ni hii, hapa Kibokoni:
meza moja, taa ya shingo ndefu,
sinia iliyotandikwa kaniki
ili ushanga ukianguka usitoroke.
Kioo nakijua kwa meno. Kioo huuma baridi,
plastiki hukaa vuguvugu, kama uongo.
Shaba naijua kwa kunusa kidole.
Uzi naupitisha kwenye nta mara tatu,
nta ya nyuki, si ya mshumaa;
ya mshumaa hubanduka ungaunga
ukaziba matundu, ukanitia matusi kinywani.
Shingo ya mtu mzima ni shibiri mbili na vidole vitatu,
na sijawahi kumiliki rula.

Usiku nikakimwaga kile kidani.
Shanga nyekundu za kioo, zile zenye moyo mweupe.
Kauri saba zilizotobolewa kwa msumari,
moja imepasuka mdomo.
Mbegu za mturituri, mbili zimeliwa na mdudu.
Na katikati, pahali pa johari,
kifungo.
Kifungo cha bati, cha shati la kazi.

Nikacheka.
Kisha nikaona mafundo.

Baada ya kila ushanga, fundo.
Mwenye haraka hapigi fundo, hulundika tu.
Fundo hufanya shanga zisisuguane,
na uzi ukikatika hupotea mmoja,
wenzake wakabaki wameshikana.
Shanga mia na kumi na nne,
mafundo mia na kumi na tano.
Nikavaa miwani ya kukuzia.
Yote yamelalia upande mmoja,
upande ambao mkono wangu hauendi.
Aliyetunga alikuwa mashoto.
Na fundo lenyewe si letu sisi wa shanga.
Nililiona wapi?
Nikalitazama mpaka taa ikanichoma nyusi.

Magunia.
Fundo la midomo ya magunia ya kahawa,
la makuli wa Kilindini kabla ya makontena:
huvutwa mara mbili,
halifunguki ila kwa kisu.

Aliporudi nikamuuliza,
"Mamako alikuwa mashoto?"
"La. Kwetu mashoto alikuwa baba.
Kuli. Mtu wa kula akalala.
Hakumnunulia mama hata kitana.
Hiki, mama alituambia, alikiokota Kongowea
siku ya mvua."

Nikamgeuzia sinia.
Nikamwonyesha kwa ncha ya sindano,
fundo, fundo, fundo,
mpaka kwenye kifungo.
Hakulia. Alikitwaa kifungo
akakiweka baina ya meno,
kama alivyoniona nikifanya na kioo,
akakaa nacho hapo
wakati muuza kahawa anapita na birika lake,
anagonga vikombe, anapita.
"Baridi," akasema.

Kisha: "Usikate."
"Dadangu, uzi umeoza.
Utakufia harusini, mbele ya mawifi."
"Basi kata. Lakini jifunze fundo lake."
Akaongeza mia tatu, nikamrudishia,
akaiacha juu ya daftari, akaenda.

Leo ni Jumatano.
Mkono wa kulia nimeufunga kiunoni kwa leso,
maana una kiherehere, hauachi kusaidia.
Wa kushoto ni mtoto mchanga:
unashika uzi kama unashika nyoka,
unapitisha juu panapotakiwa chini.
Fundo la kwanza lilitoka kama kinyesi cha mbuzi.
La nne lilikaza kabla ya kufika,
nikalikata, nikaanza tena.
Nikamfikiria yule bwana, viganja vya gunia,
sindano imempotelea kwenye vidole,
anatunga wapi? Chooni? Ghalani, saa ya chakula?
Alimwambia nani nini?

La tisa limelala upande wake.
Nimelipapasa kwa ulimi.
Yamebaki mia na sita.